Nani Alipanda Minazi ya Madete?

Asubuhi ya kwanza, kabla hatujaanza kutembea, mhifadhi aliyepangiwa kutuongoza alitusimamisha mstari mmoja kivulini akatueleza taratibu. Tusimtangulie. Tusibaki nyuma. Tusipige kelele. Tukikutana na tembo, tumtazame yeye kwanza kabla ya kumtazama tembo, kwa kuwa yeye ndiye atakayetuonyesha kwa mkono la kufanya. Kisha, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuyasema maneno hayo mara nyingi, akatukaribisha Saadani, hifadhi ya taifa ambako mbuga hukutana na Bahari ya Hindi. Akaliita "pori asilia ambalo halijaguswa na mkono wa binadamu."

Nyuma yake ilisimama minazi. Haikuwa mingi, na mingine ilikuwa imekatika vichwa, lakini ilikuwa minazi. Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa tatu, binti aliyekulia Pemba na anayeijua minazi kama mtu anavyoijua milango ya kwao, akanyoosha mkono. "Afande, samahani, na hii minazi ilipandwa na nani?" Wenzake wakacheka. Mhifadhi naye akacheka, akaweka bunduki begani, tukaondoka.

Tulitembea siku tatu, kutoka upande wa Mkwaja kaskazini hadi mlango wa Mto Wami kusini, tukifuata ufuko kila maji yalipokupwa na kuingia bara kila yalipojaa. Tulikuwa wanafunzi kumi na mmoja wa historia, mimi, na mhifadhi na mwenzake. Nimeulizwa mara kadhaa kwa nini mwalimu wa historia apeleke wanafunzi kutazama wanyama. Sikuwapeleka kutazama wanyama, ingawa tuliwaona, na usiku wa kwanza simba alinguruma kwa namna iliyowafanya vijana wawili waliokuwa wamegombana mchana wahamie hema moja. Niliwapeleka kwa sababu naamini kwamba kutembea ndiko kulikoijenga pwani ile, na kwamba anayeipita kwa gari hawezi kuona kilichofutwa pale.

Tuanze na maneno. Tunaposema "safari" siku hizi, mgeni anaelewa gari lisilo na paa na simba chini ya mti. Mtumishi wa umma anaelewa kibali na posho. Katika karne ya 19, hapa Mrima, safari ilikuwa msafara wa miguu wa watu mia, wakati mwingine elfu na zaidi, na mkusanyiko mzima wa maneno yetu ya utawala umetoka katika msafara huo. Posho ilikuwa chakula au kitambaa cha kununulia chakula, alichogawiwa mpagazi. Mnyapara alikuwa msimamizi wa kundi la wapagazi. Hongo ilikuwa ushuru uliolipwa hadharani kwa mtawala ambaye msafara ulipita katika ardhi yake. Haukuwa na aibu wala siri, ingawa ugomvi juu ya kiasi ulikuwa mwingi. Sina hakika ni lini hasa neno hilo liliingia chini ya meza, lakini wasomaji wangu walio ofisini wanajua lilipo sasa.

Aliyetangulia mbele ya msafara aliitwa kirangozi. Wasafiri wa Kizungu, Burton miongoni mwao, walimweleza kwa mshangao kidogo: vazi jekundu, mapambo ya ngozi na manyoya kichwani, bendera nyekundu ya Zanzibar mkononi au kwa mtu wa karibu naye, ngoma nyuma yake. Hakuruhusu mtu amtangulie, na aliyethubutu alitozwa faini. Nilipowasomea wanafunzi maelezo hayo jioni ya kwanza, walimgeukia mhifadhi wetu na masharti yake ya asubuhi. Yeye alikuwa akisafisha viatu vyake kwa kijiti. "Kumbe kazi hii ni ya zamani," akasema.

Ni ya zamani kweli, na haikuwa kazi ya mtumwa. Mwanahistoria Stephen Rockel, katika kitabu chake cha mwaka 2006 kuhusu wapagazi, ameonyesha kwamba wengi wao, hasa Wanyamwezi, walikuwa wafanyakazi wa ujira wenye desturi zao, heshima yao na njia zao za kugoma. Waliweza kubeba frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, kwa miezi, na waliweza pia kuweka mizigo chini na kukataa kuendelea hadi neno lao lisikike. Saadani ilikuwa mojawapo ya bandari walizoteremkia, ikishindana na Bagamoyo upande wa kusini na Pangani upande wa kaskazini. Pembe za ndovu ziliingia, vitambaa, shanga na bunduki zikatoka, na Unguja ilikuwa ng'ambo, mwendo mfupi kwa jahazi penye upepo mzuri.

Lakini haikuwa safari ya hiari kwa wote, na hapa sina budi kukaa kidogo.

Mwezi Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja na kuangusha sehemu kubwa ya mikarafuu yake. Pemba ilinusurika kwa kiasi kikubwa, bei ya karafuu ikapanda, na wenye mashamba Pemba wakataka mikono. Mwaka uliofuata, tarehe 5 Juni 1873, Sultani Barghash, akiwa ametishwa na manowari za Uingereza, alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa Zanzibar na kupiga marufuku kuwasafirisha watumwa kwa bahari. Vitabu vyetu vya sekondari huishia hapo, kana kwamba saini ilimaliza jambo. Wafanyabiashara hawakuishia hapo. Bahari ilipofungwa, waliigeukia ardhi. Watu waliotekwa sehemu za Ziwa Nyasa na kuletwa Kilwa sasa walitembezwa kwa miguu kuelekea kaskazini, sambamba na ufuko, hadi maeneo ya Pangani, ambako njia ya majini kwenda Pemba ni fupi na usiku mmoja unatosha. Mwishoni mwa 1873 na mwanzoni mwa 1874, Frederic Elton, ofisa wa ubalozi mdogo wa Uingereza, alitembea katika njia hiyo kati ya Dar es Salaam na Kilwa, na katika muda wa takriban mwezi mmoja alihesabu zaidi ya watu 4,000 wakipitishwa kwenda kaskazini. Ilikuwa Aprili 1876 ndipo Barghash alipotoa matangazo ya kuzuia misafara hiyo ya nchi kavu. Hata baada ya hapo iliendelea kwa kujificha.

Niliwasimulia haya siku ya pili tukiwa tumepumzika kati ya Madete na Buyuni. Kijana mmoja aliuliza swali ambalo sikuwa nimelifikiria: kama wao walikwenda kaskazini na sisi tunakwenda kusini, basi tunakutana nao uso kwa uso? Sikumjibu. Jua lilikuwa kali na maji yetu yalikuwa yamepungua. Tulikuwa na viatu, chakula, na mtu mwenye simu ya upepo ambaye angeweza kuita gari. Wale walitembea sehemu ya ufuko huu huu, watoto wakiwemo, kwa wiki nyingi. Hakuna bango. Katika vipeperushi nilivyowahi kuviona kuhusu fukwe zile, hawamo. Kasa wamo, na wanastahili, maana ufuko wa Madete ni mahali pa kutagia mayai kwa kasa wa kijani. Nimeuliza tu kama ukurasa usingeweza kubeba vyote viwili.

Wamishenari nao walipita. Mwaka 1876, Roger Price wa London Missionary Society alishuka Saadani kujaribu wazo lililoonekana la busara: kwa nini kubeba mizigo vichwani ilhali ng'ombe wanaweza kuvuta? Alikwenda na ng'ombe hadi Mpwapwa akarudi na habari njema. Mwaka 1877 wenzake wakaja na magari ya kukokotwa, na mhandisi Alexander Mackay wa Church Missionary Society akafyeka barabara kutoka Saadani hadi Mpwapwa, takriban maili 230. Ng'ombe wakafa. Mbung'o waliwamaliza, na mizigo ikarudi vichwani mwa wapagazi, ambao bila shaka wangewaambia tangu mwanzo kama wangeulizwa. Naomba msomaji amkumbuke mbung'o huyu, maana atarudi.

Sasa vita. Tarehe 28 Aprili 1888 Sultani Khalifa alikodisha utawala wa Mrima kwa kampuni ya Kijerumani, na mwezi Agosti mawakala wa kampuni walipojaribu kupandisha bendera yao Pangani, pwani ililipuka. Sote tumefundishwa jina la Abushiri bin Salim al-Harthi, aliyenyongwa Pangani mwezi Desemba 1889. Jina la Bwana Heri bin Juma wa Saadani hutajwa kwa mstari mmoja, na mara nyingine halitajwi kabisa. Ni dhuluma, kwa sababu Bwana Heri alikuwa mtawala wa mahali, mwenye wafuasi wa Kizigua bara na ushuru wa misafara bandarini, na alipigana kwa muda mrefu kuliko Abushiri. Mwezi Juni 1889 Hermann von Wissmann, kamishna wa dola ya Kijerumani, akiwa na askari aliowakodi Misri na Msumbiji, aliupiga Saadani mizinga kutoka baharini na kuuchoma mji. Bwana Heri akarudi nyuma hadi Mlembule, akajenga boma la magogo, akawarudisha Wajerumani mwezi Desemba, na boma hilo likaangukia mikononi mwao Januari 1890. Aliweka silaha chini mwezi Aprili, wakati njaa ilikuwa imekwisha kuwashika watu wake. Anayetaka kuisikia vita hii katika Kiswahili cha waliokuwepo na asome Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima, wa Hemedi bin Abdallah el Buhriy. Nashangaa kila mwaka kukutana na wanafunzi wa shahada ambao hawajausikia.

Wissmann hakuishia kuwa kamanda. Mwaka 1895 alirejea kama gavana, na mwaka 1896 alitoa amri ya uhifadhi wa wanyamapori: uwindaji kwa leseni, na maeneo mawili ya akiba, moja upande wa Rufiji na jingine magharibi mwa Kilimanjaro. Huo ndio mwanzo wa kisheria wa hifadhi za wanyama katika nchi hii. Mtu yule yule aliyeuchoma mji wa Saadani ndiye aliyeandika sheria ya kwanza ya kuwalinda tembo wetu. Sisemi kwamba kulinda tembo ni dhambi kwa sababu aliyeanza ni mtu wa mizinga. Waingereza waliendeleza kwa sheria ya 1921 na ya 1948, Serengeti ikawa hifadhi ya taifa mwaka 1951, Wamaasai wakaondolewa humo mwaka 1959, na Mwalimu Nyerere mwenyewe alilithibitisha jukumu la kuwalinda wanyamapori katika tamko la Arusha la Septemba 1961 (wanafunzi wangu hulichanganya na Azimio la 1967, wasirudie). Ninachosema ni kwamba sheria ile ya kwanza ilikuwa na dhana ndani yake: kwamba ardhi yenye wanyama ni ardhi isiyo na wenyewe, na kwamba mwenyeji anayewinda ni mhalifu ilhali mgeni anayewinda ni mwenye leseni. Dhana hiyo ilizaliwa miaka saba tu baada ya wenyewe kufukuzwa kwa moto.

Pori lenyewe nalo lina tarehe. Helge Kjekshus, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alidai mwaka 1977 kwamba kabla ya ukoloni watu wa maeneo haya walikuwa wameidhibiti mbung'o kwa kulima, kuchoma nyasi na kukaa kwa wingi, na kwamba vita, sotoka, funza na njaa za miaka ya 1890 vilivunja udhibiti huo. Miaka kumi na kitu baadaye James Giblin aliichunguza Uzigua peke yake, yaani bara hasa ya Saadani, akaonyesha jambo lililo karibu na siasa zaidi: wazee na watawala waliokuwa na akiba ya chakula na wajibu wa kuwalisha wategemezi wao walinyang'anywa mapato ya misafara na mamlaka, na ukame ulipokuja hapakuwa na ghala la kukimbilia. Watu wakafa au wakahama. Vichaka vikafunga mashamba, na mbung'o akaingia pamoja na vichaka. Wakati huo huo reli zilianzia Tanga na Dar es Salaam, na bandari za katikati zikabaki na ngalawa zake. Kwa hiyo mgeni anapoliona pori nyuma ya Saadani na kuliita la tangu kuumbwa kwa dunia, anatazama kwa sehemu kubwa mabaki ya janga la kijamii.

Upande wa Mkwaja hali ni ya kuchekesha zaidi. Nyika ile ya migunga tuliyoipita siku ya kwanza, ambayo mgeni mmoja wa Ulaya tuliyemkuta kambini aliiita Afrika halisi, ilikuwa ranchi ya ng'ombe. Kampuni ya mkonge iliianzisha miaka ya 1950 ili kuwapatia nyama wafanyakazi wa mashamba yake. Kwa takriban nusu karne ng'ombe walilishwa, walichanjwa, vichaka vilifyekwa, vikarudi, vikafyekwa tena. Ranchi ilifungwa mwaka 2000, na miongoni mwa waliochangia kuishinda yumo mbung'o yule yule aliyewaua ng'ombe wa mwaka 1877. Sehemu ya migunga iliyosongamana pale imetokana na malisho yenyewe. Ardhi ya ranchi iliunganishwa na pori la akiba la Saadani, lililokuwapo tangu miaka ya 1960, na msitu wa Zaraninge, vikawa hifadhi ya taifa yenye takriban kilomita za mraba 1,100 mwaka 2005. Hifadhi hii ni changa kuliko wanafunzi niliokuwa nao.

Naona baadhi ya wasomaji wangu wanaharakati wameanza kupiga makofi, kwa hiyo niwatulize. Simo miongoni mwa wanaotaka hifadhi zifutwe. Nimeona kinachoipata pwani isiyolindwa: viwanja vinavyouzwa kwa watu ambao hawajawahi kuvikanyaga, mikoko inayokatwa, ufuko unaozungushiwa ukuta. Barabara ya lami kutoka Tanga kupitia Pangani kuelekea Bagamoyo inajengwa, na ikikamilika, bila hifadhi ufuko wa Madete ungekuwa na mahoteli kabla ya kasa kumaliza msimu. Swali langu ni dogo zaidi, na kwa maofisa wanaochora ramani ni gumu zaidi: katika mpaka tunaouchora, tunawaandikaje watu waliokuwamo?

Kwa sababu jambo hili si la karne ya 19 tu. Kaskazini kidogo ya Saadani kipo kitongoji cha Uvinje, cha wavuvi, ambacho mgogoro wake na mipaka ya hifadhi umejulikana hadharani kwa miaka mingi. Wakazi wamekuwa wakidai kwamba wazee wao ndio waliokubali kuanzishwa kwa pori la akiba miaka ya 1960 kwa sharti la kutoguswa maeneo yao ya pwani, na kwamba mpaka uliokuja kutambuliwa baadaye umewameza. Upande wa uhifadhi umesimama juu ya ramani na matangazo ya serikali. Mimi si hakimu wa shauri hilo. Lakini kama mwanahistoria naona kwamba mizani haikuwa sawa tangu mwanzo: upande mmoja una hati, na mwingine una kumbukumbu, makaburi na minazi. Ofisa anayefundishwa kwamba eneo ni pori ambalo halijaguswa na mkono wa binadamu ataiona hati tu. Hatakuwa amedanganya. Atakuwa ameandaliwa asione.

Tuliingia kijiji cha Saadani jioni ya siku ya pili, miguu ikiwa imevimba. Boma la Kijerumani bado lipo, na makaburi ya kale yapo, na majaruba ya chumvi yanang'aa kwa mbali. Kusini mwa hapo ndiko ulikokuwa mji wa Utondwe, unaotajwa na Wareno, na sikuwa na nguvu ya kuusimulia. Tulikaa nje ya nyumba ya bibi mmoja anayekaanga samaki. Wanafunzi wakampa shikamoo kwa zamu kumi na moja, naye akaitikia marahaba kumi na moja bila kupunguza hata moja. Akauliza tumetoka wapi. Tulipomwambia tumetoka Mkwaja kwa miguu, hakushangaa. Alisema mama yake alikwenda hivyo hivyo kila palipokuwa na harusi au msiba kwa ndugu zake wa kaskazini, siku mbili, akifuata kupwa kwa maji na mwezi, na mtoto mgongoni.

"Nani alikuwa anamwongoza?" akauliza yule binti wa Pemba.

"Kumwongoza wapi, mwanangu? Njia si hiyo hapo?"

Kisha akahesabu kwa vidole vituo vya mama yake, palipokuwa na kisima, palipokuwa na ndugu wa kulala kwake, palipokuwa na mbuyu wa kivuli. Vilikuwa vituo vitano. Mhifadhi wetu, aliyekuwa amevua kofia na kukaa kando na sahani yake, alivitambua vitatu. Viwili hakuvijua. Akatoa kile kijitabu anachoandikia idadi ya wanyama, akamwomba bibi ayarudie majina, akayaandika.

Siyataji hapa majina hayo, kwa sababu aliyeyatoa hakuulizwa kama anakubali yachapishwe. Lakini watumishi wa umma wanaonisoma, na najua baadhi yenu mpo katika idara za ardhi, maliasili na mipango, mnaweza kwenda kuyauliza. Haihitaji bajeti kubwa. Inahitaji mtu mwenye daftari, siku chache, na kuwahi, maana bibi yule ni mzee sana. Mpango wa usimamizi wa hifadhi yoyote una ramani ya uoto, ramani ya njia za wanyama, ramani ya kambi za wageni. Ramani ya majina na njia za watu ingekaa vizuri kando ya hizo, na kila mara mpaka unapobishaniwa ingekuwa mezani kabla ya wanasheria kuitwa. Nimeambiwa kwamba kufanya hivyo ni kuwapa wanavijiji silaha ya kudai. Nadhani anayesema hivyo amekiri bila kukusudia kwamba anajua kuna cha kudaiwa.

Siku ya tatu ilikuwa fupi. Tulifika karibu na mlango wa Wami kabla ya adhuhuri, tukakaa kusubiri boti juu ya mchanga mweusi penye nyayo za kiboko, mikoko ikiwa mbele yetu na maji ya mto yakiingia baharini yakiwa na rangi ya chai ya maziwa. Wanafunzi walilala kivulini. Mhifadhi alikuja akakaa karibu na yule binti wa Pemba, bunduki magotini, akanyamaza kitambo. Kisha akasema kwamba babu yake mzaa mama alikuwa mgema, huko huko kaskazini tulikotoka, na kwamba alipokuwa mdogo alipelekwa kuonyeshwa minazi ya babu.

"Sasa Afande," binti akamwambia, "mbona juzi ulituambia vile?"

"Ndivyo tulivyofundishwa kozini, dada. Kwenye mtihani, minazi haikuwemo."

Boti ikatokea kwenye kona ya mikoko, naye akasimama kutupanga mstari.